Kibandaski: Kila Kitu Unafaa Kujua Kabla Ukae Kwa Hiyo Benchi

Saa saba kasoro, jua imewaka, uko na soo moja na nusu kwa M-Pesa na mwezi bado iko tarehe 19. Tao kuna mahali burger inaanza thao, lakini leo wewe si mtu wa burger. Unakata kona nyuma ya stage, unapita fundi wa simu, unainama ndio mabati isikugonge kichwa, alafu unajipenyeza kwa benchi kando ya msee wa mjengo mwenye ako na vumbi ya simiti hadi kwa kope. Karibu kibandaski.

Hii ni ya wale wamehamia Nairobi juzi na bado wanaogopa kuingia. Pia ni ya wale tumekula huko miaka mingi na hatujawahi kujiuliza venye hii kitu husimama.

Jina na ngazi zake

Kibanda unaijua: miti, mabati, nailoni upande wa upepo, majiko mbili tatu, sufuria zimefunikwa na sinia. Hiyo "ski" ya mwisho ni wasee walichukua kibanda wakaikoroga na Kempinski, hoteli ya nyota tano yenye ilifunguliwa Nairobi 2013. Ilikuwa jokes, jina ikashika, saa hii hata wenyewe wanaandika kwa ukuta.

Usichanganye kibanda na hoteli. Kenya, hoteli si lazima ikuwe na vitanda. Mtu akikuambia "tupatane hapo kwa hoteli", anamaanisha mahali kuna meza za plastiki, kalenda ya mwaka jana na mfereji wa kunawa mikono. Chini ya hoteli kuna kibanda. Chini ya kibanda kuna mathe wa sufuria, yule hubeba githeri na chai hadi kwa geti ya mjengo, anapakulia watu wakiwa wamekaa kwa mawe, na saa nane ashaenda. Butchery ni ukoo mwingine kabisa. Huko unaonyesha nyama imeninginia kwa dirisha, inapimwa, unaambiwa ungoje, na ukiwa na bahati unaletewa supu kwa kikombe ukingoja. Hiyo ni ya siku ya doh. Ukitaka kuelewa watu huzungumzia nini, enda Kenyatta Market Jumapili mchana na moshi ikuongoze.

Usiulize menyu, uliza "kuna nini?"

Ile orodha imepakwa rangi kwa ukuta ni mapambo. Imeandikwa samaki, pilau, kuku, mukimo. Ukiuliza kuku unaangaliwa kama mtu amepotea njia. Chakula ya ukweli iko kwa mdomo ya yule anapakua, na anaitoa kwa pumzi moja: "Kuna ndengu, madondo, matumbo, karanga, sukuma, kabeji, managu, wali, chapo, ugali." Karanga hapo si njugu, ni nyama ya kukaanga yenye mchuzi. Nimeona mtu wa pwani akingoja njugu dakika kumi.

Unajibu haraka. Kwanza kitu nzito, ugali, wali ama chapo ngapi, alafu kitu ya kando. Ukitaka kidogo sema "nusu". Ukitaka zote mbili kwa sahani moja sema "mix". Ukitaka mchuzi omba wakati anapakua, si baada ya kumaliza wali ndio unaanza kuita kijiko ya pili ya tatu. Mchuzi ya kwanza ni haki yako, ya pili ni upendo. Ya tatu unajiharibia jina.

Bei nayo iko na lugha yake. Ashu ni 10, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Noti ya 500 bado wengine wanaiita jirongo, jina yenye ilishika wakati wa kampeni za 1992, enzi ya Cyrus Jirongo na Youth for KANU '92. Wengi wenye wanaitumia leo hawakuwa wamezaliwa. Lakini kitu ya maana ni hii: usitoe jirongo saa mbili asubuhi ulipe chai na mandazi. Mathe hana chenji, atatuma kijana kwa duka, duka itasema haina, na watu sita nyuma yako watakuchukia.

Chapo dondo na ukoo wake

Kama kibandaski ingekuwa na bendera, ingekuwa na chapo mbili na madondo. Chapo yenyewe ilikuja na Wahindi. Nairobi ikaipokea, ikaiongeza unene, na ikasahau ilitoka wapi. Madondo ni maharagwe, na si zote ni sawa. Zile ndogo nyekundu zinaitwa wairimu, ziko bei ya chini na ndizo utapata vibanda nyingi. Za njano wasee husema hazisumbui tumbo. Ndengu nyingi hutoka Ukambani, na zikipikwa na mtu anajua, na nyanya na dania ya mwisho mwisho, zinashinda nyama ya mahali pengi. Huo ni msimamo wangu na siutoi.

Sababu ya wasee wa bedsitter kununua madondo zimeiva si uvivu. Maharagwe makavu yanaweza kula masaa mawili hadi matatu kwa moto. Piga hesabu ya gesi ya kilo sita, mtu mmoja, sahani moja. Mathe anachemsha sufuria nzima ya watu arobaini kwa makaa ile ile, kwa hivyo gharama inagawanywa kwa sahani nyingi. Ndio maana jioni unaona watu wamepanga laini na mikebe: wananunua madondo ama githeri ya finje, wanaenda kuikaanga na kitunguu kwa keja. Serikali iliporudisha VAT ya 16% kwa gesi Julai 2021, hiyo laini ya mtaani kwetu ilirefuka, niliiona na macho yangu.

Githeri nayo iko na historia yake ndogo. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, msee mmoja alipigwa picha kwa laini ya kupiga kura akikula githeri kwa karatasi ya plastiki, ametulia kama mtu ako sebuleni kwake. Intaneti ikamfanya Githeri Man na nchi ikasahau kupigana kwa siku mbili. Chenye wengi hawakumbuki ni kwamba siku 20 baadaye, tarehe 28 Agosti, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kufanya kazi, na faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4. Hiyo picha ni kama ya mwisho ya enzi fulani. Saa hii unaenda na mkebe yako, ama unafungiwa na gazeti, na hapo nitasema kitu: chapo kwa gazeti ni sawa kama unatembea nayo dakika mbili. Ukifika keja na chapo imeandikwa matokeo ya ligi, hiyo wino umekula.

Matumbo ni ya kuamini mtu. Usiagize matumbo siku ya kwanza kwa kibanda hujui. Kula ndengu kwanza, angalia mambo, rudi wiki ijayo.

Utajuaje hutalala choo

Watu huuliza kama kibanda ni safi. Hilo swali linafaa kuulizwa kila mahali. Mwaka wa 2017 kipindupindu ilipiga Nairobi, na kati ya wenye walishikwa kulikuwa na watu wamehudhuria mkutano wa mambo ya afya, ndani ya hoteli ya maana. Mkutano ya afya, manze. Kwa hivyo vigae za choo hazikulindi.

Chenye hukulinda ni moto na mwendo. Chakula yenye inachemka mbele yako, na yenye inaisha kila siku saa nane, haina wakati wa kuharibika. Kibanda imejaa watu wa mjengo na makanga ni kibanda sufuria zinaisha. Kibanda iko tupu saa saba na sufuria zimejaa, jiulize zimejaa tangu lini. Angalia maji ya kuosha sahani. Kama ni beseni moja na imekuwa rangi ya chai, agiza kitu ya kubeba kwa mkebe yako. Kachumbari na maji ya jagi ndio mimi huogopa kuliko nyama, ju hizo hazijapitia moto. Samosa imekaa kwa sanduku ya kioo tangu asubuhi pia achana nayo, hata ikikukonyezea. Na ile pilipili ya chupa ya soda, yenye kifuniko imetobolewa na msumari, inaongezwanga maji kila siku hadi hakuna mtu anajua ilianza mwaka gani.

Kisheria, mtu anashika chakula cha kuuza anafaa kuwa na cheti cha afya, na anapimwa kila miezi sita. Hoteli nyingi hukitundika kwa ukuta karibu na leseni ya kaunti. Kwa kibanda mathe hukiweka kwa mkoba, na anakitoa kanjo wakifika. Kanjo ni askari wa kaunti. Jina ilitoka enzi ya kansol, kaunti ikaingia 2013, jina haikubadilika, na mambo mengine pia haikubadilika. Ukiona mathe anafunika sufuria haraka na kijana anabeba jiko ikiwaka moto, usikae hapo kuuliza chapo yako. Simama, saidia kubeba benchi.

Bei haipandi, chapo inakonda

Kibanda huogopa kuongeza bei kuliko kitu yote. Kastoma amezoea chapo ya mbao, ukimwambia ni 25 anaenda jirani. Kwa hivyo bei inakaa, chakula inapungua. 2022 unga ya ugali ilipanda hadi kilo mbili ikapita soo mbili, hadi Julai hiyo serikali ikaweka ruzuku ishuke hadi soo moja, na ruzuku ikaondolewa baada ya uchaguzi. Kabla hapo makaa ilikuwa imeshapanda tangu Februari 2018, serikali ilipofunga ukataji wa miti. Kila wakati mambo kama hayo yanatokea, sahani inakuambia kabla ya habari ya saa moja. Ugali inapata kiuno. Chapo unaiinua juu unaona msee wa upande ule mwingine.

Ndio maana Mswada wa Fedha wa 2024 haukuwa stori ya watu wa suti. Ulipendekeza VAT ya 16% kwa mkate na ushuru wa 25% kwa mafuta ya kupikia ya mimea. Mafuta ndio chapo. Mafuta ndio mandazi, chips, sukuma, karanga. Vijana walitoka, watu wakauawa, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akasema hataweka sahihi. Wiki hiyo kibandani kwetu hakukuwa na mtu mzee wa kuuliza vijana wanataka nini.

Daftari

Sasa hapa ndio moyo wa kibandaski, na hapa ndio niko na aibu yangu.

Kila mathe ako na daftari. Kwa ukuta ameandika "Leo pesa, kesho deni" ama "Kukopa harusi, kulipa matanga", lakini hiyo ni ya kutisha wageni. Chini ya meza, kati ya mfuko wa chumvi na simu ya mulika mwizi, kuna daftari ya shule ya kurasa 96, na ndani tuko sisi. Majina ya ukweli hakuna. Kuna Makanga Mrefu, Baba ya Probox, Dem wa Salon, Nduthi Mbili. Mimi nilikuwa Kijana wa Laptop.

Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kutosha na sikutaka kuambia watu wa nyumbani. Nilikuwa naishi Zimmerman, naandikia watu vitu kwa mtandao, pesa inakuja ikijiskia. Mathe hakuniuliza chochote. Nilikuwa nakula asubuhi chai na mandazi mbili, jioni chapo dondo, na yeye anaandika. Kila nikipata kitu kidogo napunguza. Alafu kulikuwa na mwezi mmoja mrefu, client mmoja akanyamaza na kazi yangu ya wiki tatu, na deni ikafika 1,140.

Nikaanza kuzunguka. Kibanda iko kati ya keja yangu na stage, kwa hivyo nilikuwa napita nyuma, kwa mtaro, dakika kumi na mbili zaidi, viatu vikinuka, ndio nisionekane. Wiki saba. Nilijiambia mathe ako na kastoma wengi, 1,140 ni nini.

Nililipwa, nikarudi. Nikapata ameketi akisukuma. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikatuma pesa, akaangalia simu, akatoa daftari, akachora mstari kwa Kijana wa Laptop na biro, mara mbili, ndio ionekane. Alafu nikamuuliza, ju nilikuwa najiskia mtu mzima ghafla, kwani chapo moja inakuachia ngapi?

Akanipigia hesabu bila kuacha kusukuma. Pakiti ya kilo mbili inampa chapo kama 20. Toa unga, toa mafuta, toa makaa, toa kijana wa kusaidia, toa maji ya mtungi. "Siku nzuri, bob tano," akasema. Mimi si mkali wa hesabu lakini hiyo niliifanya hapo kwa benchi. Ndio arudishe 1,140 yangu, alihitaji kuuza chapo 228. Zaidi ya siku kumi na moja za pakiti moja moja, kunilisha mimi mwenye nimejificha kwa mtaro.

"Ukikosa pesa kuja useme," akaniambia. "Wewe ukipotea, nimepoteza pesa na nimepoteza kastoma. Unakula ndengu ama madondo?"

Kwa hivyo sheria ya daftari ni fupi. Usiombe deni siku ya kwanza. Kula na pesa yako wiki mbili tatu, salimia, rudisha sahani, ujulikane. Ukianza kukopa, taja siku yenye utalipa, na siku hiyo ikifika kama huna, pita hapo mbele yake useme huna. Punguza hata na mbao. Usikope kwa mathe wawili kwa mtaa mmoja, wanaongea. Wananunua pamoja Marikiti saa kumi na moja asubuhi, na unadhani wanaongea kuhusu nini wakingoja gari?

Tangu M-Pesa ianze 2007 pesa haiguswi sana kibandani, na Fuliza ilipokuja 2019 wasee wengi walihamisha deni kutoka kwa daftari hadi kwa simu. Tofauti ni kwamba simu inatoza kila siku na haikuulizi kama umekula. Lipa kwa Till ama Pochi kama ameandika, na ungoje aone meseji yake, si yako. Saa saba ya mchana, watu wamejaa, ndio wakora huonyesha meseji ya uongo. Mathe akisema "ngoja iingie", hajakudharau. Ashaibiwa.

Na kama ni saa ya watu wengi, ukimaliza kula simama. Hiyo benchi si ya kuangalia TikTok. Kuna mtu wa mjengo ako na nusu saa pekee, na ameona sahani yako iko tupu kabla wewe uione.

Jioni

Kibanda ya mchana ikifunga, barabara inachukua. Smokie pasua, mayai boilo, smocha kwa wale hawawezi kuchagua kati ya smokie na chapo, nduma kwa wale wameamua mwaka huu ni wa afya. Na mutura: utumbo uliojazwa nyama na damu, umechemshwa, alafu unamalizwa kwa makaa. Hiyo hukaliwi chini. Unasimama kando ya kibao, unasema "ya mbao", inakatwa, unapewa chumvi na kachumbari hapo hapo kwa mbao, na unakula na vidole pamoja na watu hamjuani. Mwanasheria, makanga, mwalimu, wote vidole kwa kibao kimoja. Msee wa kisu hana daftari. Kwa mutura ni pesa mkononi, na hata mimi nimejaribu.

Na mchana, kama unatoka kazi ukichelewa, usifike saa nane na nusu ukiuliza ndengu. Zimeisha. Kuna kabeji.